Goti la Tilda

Mtu yule alianza kuonekana kijijini Zelena mwezi wa tisa, mahindi yanapokauka, na hakuna aliyewahi kumwona akiingia. Ulikuwa ukigeuka tu unamkuta amekaa, safu ya juu kabisa ya ukumbi wa michezo wa shule, chini ya taa mbovu, kofia ya kijivu juu ya magoti na mikono juu ya kofia. Watu wote ukumbini wanakula bisi, wanapiga kelele, wanamtukana refa kwa adabu kama Wakristo. Yeye hali, hanywi, hapigi makofi. Mpira ukienda kulia vichwa vyote vinakwenda kulia. Chake kinabaki palepale.

"Labda amekufa," alisema Bibi Albina Kubicek, ambaye ana miaka themanini na ushei, na huo ushei hautaji. "Hebu mmoja wenu apande akamguse."

Hakuwa amekufa. Alikuwa anaitwa Pruett, kocha msaidizi wa chuo kikuu kimoja cha mbali kusini, kile cha sare za zambarau, ambacho wasichana wake wa mpira wa wavu huonyeshwa kwenye televisheni. Kazi yake ni kuzunguka vijiji vya jimbo la Nebraska, Marekani, kutafuta watoto warefu. Habari hiyo ilipofika dukani, Zelena nzima ilijua papo hapo amemfuata nani. Timu ya wasichana wakubwa ilikuwa na mpigaji mmoja tu wa kutazamwa, naye ni Brenna, mjukuu wa Albina, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa sekondari.

Sasa huyu Brenna tusimtie chumvi. Alikuwa mzuri. Aliruka, alipiga kwa nguvu, hakununa akikosa. Lakini uzuri wa Zelena ni uzuri wa Zelena. Vyuo vidogo viwili vilimwandikia, vikasifu, halafu vikanyamaza kama mchumba aliyepata mwingine. Wenzake wa miji mikubwa walikuwa wameshachukuliwa zamani. Baba yake, Verlyn, ana ng'ombe wachache na matrekta mengi mabovu, naye alimwambia wazi: chuo kikikulipia, nenda kasomee huo udaktari wa mifugo, kisipokulipia, utabaki hapa ufanye kazi kwenye ghala la nafaka, na mimi nitaona haya kila siku nikikuona. Hilo ndilo lililokuwa shingoni mwa Brenna kila aliporuka.

Kwa hiyo watu wakamsaidia. Walimsaidia kwa midomo. Pruett alikuwa na swali kwa kila mtu, na sauti yake ilikuwa ile ile kwa mchungaji na kwa fundi wa matairi, haipandi wala haishuki, kama redio iliyosahauliwa chumba cha pili. Nyumba ya Kubicek wanakula nini? Wanalala mapema? Kuna ugonjwa wa mifupa? Mama mtu alianza lini kurefuka, akaacha lini? Watu walijibu yote, na wengine wakaongeza ambayo hayakuulizwa. Mama mtu ni Noreen, mpishi wa jikoni pale pale shuleni. Alianza kuwagawia watoto chakula huku anatabasamu peke yake.

"Anaulizia mpaka mlo wetu," alimwambia mama mkwe wake. "Mtu haulizi mlo kama hana nia."

"Hata mchinjaji huuliza," akasema Albina.

*

Brenna alikuwa na mdogo wake, Tilda, wa darasa la nane. Alikuwa na miaka kumi na tatu na ameshampita mama yake kimo. Miguu yake mirefu mpaka ilikuwa ikigongana yenyewe kwa yenyewe. Mdomo wake haukuwa na mlango. Timu yake ya watoto ilicheza ukumbi ule ule, saa moja na nusu kabla ya wakubwa, mbele ya mama wachache na mabenchi matupu. Na mbele ya Pruett, maana siku zote aliwahi. Watu walisema ni mtu wa nidhamu.

Siku moja Tilda alimkuta mlangoni.

"Shikamoo, kocha! Mimi ni mdogo wake Brenna!"

Pruett akapita.

"Kocha! Umedondosha glavu yako!"

Akapita tena, akirudi, akaiokota glavu miguuni pa mtoto kana kwamba mtoto ni nguzo. Hakumtazama kwa chuki. Watu wanaochukia hutazama. Huyu macho yake yalifika kwenye uso wa Tilda, yakaendelea mpaka ukutani.

Tilda alirudi nyumbani ameduwaa. "Bibi," alimwuliza Albina, "mimi nipo?"

Albina akamfinya mkono.

"Aaaah! Bibi!"

"Basi upo. Nenda kaoge."

*

Mwezi wa kumi Pruett akaja nyumbani kula chakula cha jioni, kama wanavyofanya makocha wakikusudia kumchukua mchezaji. Noreen alioka nyama ya ng'ombe tangu asubuhi, akachemsha viazi, akatoa kabichi chachu, akaandaa vikate vya kolache vyenye plamu. Mbwa wao, ambaye humbwekea hata mchungaji, aliposikia lile gari aliingia chini ya pikapu ya Verlyn na hakutoka mpaka kesho yake.

"Karibu, Bwana Pruett. Usihangaike na viatu," alisema Noreen, huku macho yake yakiviangalia viatu.

Pruett akavua. Akainama kuvipanga kwenye safu ya viatu vya familia pale mlangoni, akakawia. Albina, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake cha dirishani, alimwona akigeuza kiatu, akasoma soli, akakirudisha, akageuza kingine.

"Unatafuta namba yako?" akamwuliza. "Hapa hatuuzi."

"Nazuia visianguke, mama."

"Viko sakafuni, mwanangu. Vitaanguka viende wapi?"

Walipokaa mezani, Pruett alisema chakula ni kizuri, kisha akakata nyama vipande vidogo sana, akavipanga upya kwenye sahani. Chumvi ilikuwa karibu na Tilda. Pruett akamwomba Verlyn, upande wa pili wa meza, amsogezee chumvi.

"Hii hapa," akasema Tilda, akainyoosha mpaka puani kwake.

Pruett akaitazama ile chupa kana kwamba inaelea hewani yenyewe. Hakuipokea. Ikabaki pale mpaka Brenna akainyakua na kuiweka mezani kwa kishindo. Hapo Pruett akaichukua, akamshukuru Brenna.

"Bi. Kubicek," akamgeukia Noreen, "uliacha kurefuka ukiwa na umri gani?"

"Mimi? Hata sikumbuki... labda nilipoolewa?"

"Aliacha kurefuka alipoanza kunenepa," akasema Albina. "Hayo mawili hayaendi pamoja."

"Na marehemu mume wako, mama, alikuwa mrefu?"

"Otakar? Akiwa amesimama au akiwa amelala? Maana jeneza ilibidi waliongeze ubao."

Hapo ndipo Pruett alipotabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie Zelena. Meno yake yalikuwa madogo na yanalingana. "Waliliongeza kiasi gani?" akauliza kwa upole.

Verlyn akaonyesha kwa mikono, kwa aibu, kama mvuvi. Pruett akalitazama lile pengo kati ya mikono miwili, akaitikia kwa kichwa.

"Mwanangu," Albina alimwambia Verlyn, tena si kwa kunong'ona, "huyu anamkagua mama kabla hajanunua ndama. Mwulize kama nami nifungue kinywa anihesabu meno."

"Mama, tafadhali!"

"Nina sita. Yote yangu."

Lakini Pruett hakukasirika. Alifuta midomo yake safi, akaweka mkono mmoja juu ya meza, akamwambia Brenna kwamba chuo kinamkaribisha aende na baba yake kutembelea, waone kila kitu, avae sare, na mambo yakienda vizuri, mwezi wa kumi na moja atatia saini. Masomo yote, chakula, malazi. "Sisi kule ni familia," akasema. Noreen akalia kidogo kwenye kitambaa cha mkono.

Gari lake liliondoka kwenye barabara ya kokoto bila kutimua vumbi.

"Mvua ilinyesha asubuhi," alisema Verlyn dirishani.

"Manyunyu," alisema Albina.

*

Noreen hakulala vizuri kwa furaha, na mtu akikosa usingizi kwa furaha hutafuta cha kuogopa. Akakipata. Mgeni hampendi Tilda. Kila mtu aliona. Hakumpa mkono, hakupokea chumvi, hakumjibu hata salamu. Labda kelele zake. Labda ile tabia yake ya kucheka akiwa uwanjani na kuimbaimba mpira ukiwa juu. Mtu kama yule, wa nidhamu vile, akija kumtazama dada mtu anakutana kwanza na yule kelele mtupu, saa moja na nusu nzima. Si atadhani ndiyo malezi ya nyumba yote?

Hakumwuliza mtu. Kesho yake, akiwa bado na aproni, alimwendea mwalimu wa timu ya watoto.

"Tilda hatacheza tena msimu huu. Goti linamsumbua."

"Goti? Jana si alikuwa anaruka benchi?"

"Ndilo lililomsumbua hilo benchi."

"Goti gani?"

"La... kulia." Na kwa kuwa uongo ukitoka peke yake huona baridi, Noreen akauvisha koti. "Ni la ukoo. Babu yao alikuwa nalo. Na mimi pia nyakati za baridi. Daktari anasema linaweza lisipone vizuri."

Mwalimu akasikitika sana. Akamwambia mwenzake. Mwenzake akamwambia wa dukani.

Nyumbani Noreen alimwambia Tilda ni kwa ajili ya dada yake, ni kwa siku chache tu, na akae na Bibi siku za mechi. Tilda akauliza kama amefanya kosa. Noreen akasema hapana, akampa kolache.

Mechi iliyofuata, safu ya juu ilikuwa tupu.

Na iliyofuata.

Ajabu ni kwamba watu wa Zelena walikitazama kile kiti kitupu kuliko walivyomtazama mwenyewe. Hakuna aliyekaa hapo, hata ukumbi ulipojaa. Watoto walikuwa wakiambizana kwamba ubao wake ni baridi kuliko wa jirani, na mtu mzima mmoja, sitamtaja, alipanda akaweka kiganja, akashuka haraka. Brenna alipiga mipira kama mtu anayefukuza nyoka. Kila pointi, anainua macho.

Simu nayo ikanyamaza. Noreen akaanza kupita njia ya nyuma kwenda kazini, lakini njia ya nyuma inapita kwa mwoka mikate.

"Noreen! Ile keki ya zambarau ya siku ya saini niifanyeje? Rangi nimeshaagiza."

"Subiri kidogo tu."

"Nasubiri. Lakini zambarau hiyo, sijui nimuuzie nani mwingine. Labda msiba."

Kanisani, mchungaji aliyekuwa akiombea kila Jumapili "safari ya kijana wetu", akarudi kuombea mvua. Jikoni shuleni, wapishi wenzake waliacha kumwuliza, na hilo ndilo lilimuuma zaidi. Usipoulizwa, ujue wameshajibiana.

*

Siku ya kutembelea chuo ilikuwa imepangwa, na hakuna aliyeifuta. Verlyn na Brenna wakaendesha pikapu kutwa nzima kwenda kusini, mashamba yamevunwa pande zote, yamebaki mabua.

Walipokewa na wasichana warefu waliovaa zambarau. Walikuwa wazuri, wenye afya, wenye meno. Wa kwanza alimkumbatia Brenna akasema, "Sisi huku ni familia." Brenna akafurahi. Wa pili akamkumbatia, "Sisi huku ni familia," kichwa kimeinama upande ule ule. Kufika wa mwisho, Brenna alikuwa anasubiri lile neno kama mtu anayesubiri sindano.

Wakampeleka chumba cheupe kisicho na dirisha kwenda kupigwa picha. Sare ilikuwa tayari, imeandikwa KUBICEK mgongoni. Mikono yake ilimfika Brenna kwenye ncha za vidole.

"Ni kubwa," akasema.

"Huwa wanakua," akasema mpiga picha, bila kuinua uso. "Simama hapo. Sogea kushoto. Tena. Tena kidogo. Acha nafasi."

"Nafasi ya nani?"

"Ndivyo tulivyoambiwa tupige."

Akapigwa picha amesimama pembeni kabisa, anatabasamu, na taa kubwa kuliko zote inamulika mahali pasipo na mtu.

Kisha wakaingia ofisini kwa kocha mkuu, mwanamke mpole wa nywele fupi aitwaye Renfro. Pruett alisimama nyuma ya mlango, kofia mkononi. Renfro alimsifu Verlyn kwa kuendesha mbali. Aliuliza habari za ng'ombe. Akamwinamia Brenna.

"Sasa niambie, mpenzi. Goti la mdogo wako linaendeleaje?"

Verlyn akadhani hakusikia vizuri. "Goti la nani?"

"La Tilda. Tumesikitika mno. Tunasikia ni la ukoo."

"Mtoto huyo hana goti lolote," akasema Verlyn. "Yaani anayo, mawili, mazima. Juzi alipanda paa la banda akashindwa kushuka, akaruka."

Hewa ya chumba ikabadilika. Pruett akasogea hatua moja kutoka nyuma ya mlango. "Aliruka," akasema. "Paa lina kimo gani?"

Renfro akamnyamazisha kwa kidole. "Unajua, Bwana Kubicek, sheria haituruhusu kuzungumza na mtoto wa darasa lake. Hata salamu, Pruett wangu mwoga, anaona dhambi. Lakini kumjulia hali kupitia dada yake, hiyo ni familia tu."

Brenna alikuwa anaitazama mikono ya ile sare.

"Na goti langu?" akauliza.

Walimgeukia wote wawili. Kwa kitambo kifupi ilikuwa wazi kwamba walisahau yupo.

"Lako pia, mpenzi," akasema Renfro.

*

Verlyn aliendesha pikapu mpaka wakauacha mji.

"Mnadani," akaanza, "mnunuzi anayejua hamwangalii ndama anayemtaka. Anasimama mbele ya ng'ombe wa pembeni. Anamsifu."

"Najua, baba."

"Na ndama akigoma kupanda lori, unampandisha kwanza yule mkubwa aliyemzoea. Mdogo anafuata mwenyewe."

"Baba. Nimekua mnadani. Najua."

"Sikusema wewe ni ng'ombe."

"Umesema mimi ni mkubwa na nimezoeleka."

Verlyn akajikuna shingo. Mbele yao barabara ilikuwa imenyooka. "Unaweza kukataa. Tutakataa. Nitamwambia yule mwanamke maneno ambayo mama yangu tu ndiye anayeyajua."

Brenna akakunja magoti akayaweka kwenye dashibodi, kitu alichokatazwa tangu utotoni.

"Nataka kwenda," akasema.

"Hata hivyo?"

"Hata hivyo. Mwaka mzima nimeruka, baba. Nani mwingine ameniita?"

Verlyn akawasha taa za pikapu.

Nyumbani hakuvua koti. Alisimama katikati ya jiko akamwuliza mkewe amesema nini shuleni juu ya goti. Noreen akaanza na benchi, akapita kwa babu, akaishia kwenye machozi.

"Nilimficha asituharibie! Mlimwona mezani, hataki hata kumtazama!"

"Noreen," akasema Verlyn taratibu, "umemficha ng'ombe nyumbani, ukapeleka kamba sokoni."

Noreen alielewa polepole, kwa mafungu. Kwanza mdomo, halafu macho, halafu mikono ikaanza kutafuta kiti. Albina pale dirishani aliacha kufuma. Hakutania, na jambo hilo liliwatisha kuliko maneno ya Verlyn.

Brenna alimkuta Tilda bandani, anawatupia ndama majani huku akiimba. Akamweleza yote, maana hakujua namna ya kumweleza nusu.

"Kwa hiyo hanichukii?"

"Hapana. Anakupenda kama pesa."

Tilda akafikiri. "Nikicheza vizuri watakuchukua wewe?"

"Ndiyo."

"Na nikicheza vibaya?"

Brenna alijua kwamba hili si jambo la kumbebesha mtoto wa miaka kumi na tatu. Alijua vizuri kabisa. "Basi hawatanichukua," akasema.

Tilda akaangusha uma wa majani. Hakuimba tena jioni ile.

*

Noreen alikwenda kwa mwalimu kusema goti limepona. "La ukoo?" aliuliza mwalimu. "Limepona lote?" Noreen akasema Mungu ni mwema, na masikio yake yakawa mekundu mpaka Jumamosi.

Jumamosi mfagizi wa ukumbi alipofungua milango, alimkuta Pruett ameshakaa juu. Mfagizi anaapa alikuwa amefunga kwa komeo. Sisi tunasema labda alisahau, ana umri.

Safari hii mabenchi yalijaa, maana habari zilikuwa zimeenea na watu wa Zelena si watu wa kukosa kitu. Walikuja kumtazama mtoto waliyemwona kila siku dukani na kanisani. Tilda aliingia bila kucheka. Alisimama mahali pake kama amepandwa. Mpira ukapandishwa, juu, karibu na wavu, naye akaruka.

Ni vigumu kueleza. Watu wote huruka halafu hushuka. Tilda aliruka, na wale watoto wengine walioruka pamoja naye wakashuka, yeye bado yuko. Alikaa kule juu kimya, mkono umekunjwa nyuma, uso hauna kitu, kama mtu aliyeingia chumba cha pili kuchukua kitu na amesahau ni nini. Kisha akapiga. Mlio ulisikika baada ya mpira kurudi kutoka ukutani. Mtoto wa upande wa pili alianza kulia, ingawa haukumgusa.

Hakuna aliyeshangilia. Ukumbi mzima ulikaa kama uko kanisani siku ya mazishi. Brenna, aliyeketi na mama yake, alihisi nywele zimemsimama. Miaka yote ile alikuwa akimfundisha mdogo wake kuruka, na hakuwahi kuinua macho kuona alikofika.

Tilda akaruka tena. Kila alipotua aliangalia upande wa dada yake, haraka haraka, kama anayeuliza: inatosha?

Haikutosha. Aliruka mpaka mwisho.

Kesho yake simu ikalia kabla ya ibada.

*

Siku ya kutia saini waliweka meza katikati ya ukumbi, kitambaa cheupe, kofia ya zambarau, na ile keki. Mwoka mikate alisimama karibu nayo kama mzazi. Wanafunzi waliruhusiwa kutoka madarasani. Pruett aliwapa mkono Verlyn, Noreen, mchungaji, mwalimu, mwoka mikate. Alimpa mkono hata Albina, ambaye baadaye alivihesabu vidole vyake kwa sauti. Alipofika kwa Tilda akageuka kwa adabu na kuirekebisha tai yake.

Kabla hajashika kalamu, Brenna alimwinamia Pruett.

"Bwana Pruett. Goti lake likija kuuma kweli?"

Pruett hakushangaa. Alijibu kwa sauti ile ile ya siku zote. "Nafasi yako ni ya mwaka mmoja. Kila mwaka tunaangalia upya, halafu tunaongeza."

"Mnaangalia nini?"

"Familia," akasema.

Brenna alisimama na kalamu mkononi. Watu wakadhani amezidiwa na furaha. Wengine wakapiga picha. Aliwaza ghala la nafaka, aliwaza kitabu cha mifupa ya farasi alichoazima maktaba hakukirudisha. Akatia saini. Ukumbi ukapasuka kwa kelele, akavishwa kofia, akakata keki, na meno ya kila mtu yakawa zambarau.

Jioni walikula nyumbani, wao wenyewe. Noreen alikuwa ameoka nyama tena. Alipakua, akafika kwenye sahani ya Tilda, akaweka kipande, akaweka cha pili, akatazama, akaweka na cha tatu, kile chenye mfupa. Verlyn akamjazia maziwa. Mtoto alikula kipande kimoja, akala nusu ya kingine, akaweka uma.

"Nimeshiba."

"Kula mama, ukue," akasema Verlyn. Hakukusudia kusema hivyo. Ilikuwa imeshatoka.

"Hiyo yenye mfupa ndiyo nzuri kwa viungo," akasema Noreen, na mkono wake ukashuka chini ya meza, ukalikuta goti la kulia la mtoto, ukalipapasa taratibu, huku na huku, kama mtu anayepima embe kama limeiva. "Haliumi? Hata kidogo?"

"Haliumi, mama. Nimeshiba."

"Kidogo tu zaidi."

Tilda akamtazama dada yake. Baba naye akamtazama. Mama naye. Nyumba nzima ilikuwa inamsubiri Brenna aseme, na yeye alijua neno lenyewe, neno dogo, la upendo, ambalo kila dada humwambia mdogo wake mezani. Alilihisi limekaa kwenye ulimi. Alijua pia kwamba akilisema leo, atalisema kesho, na kila siku baada ya hapo, kwa simu kutoka kusini: umekula, umelala, goti je?

Tilda akashika tena uma.

Brenna akanyoosha mkono, akaivuta ile sahani mpaka mbele yake. Akachukua kile kipande chenye mfupa kwa vidole, akakiuma.

"Brenna!" mama yake akasema. "Hicho ni cha..."

"Amesema ameshiba."

Akala. Nyama ilikuwa imekauka pembeni, alilazimika kuivuta kwa meno ya pembeni kama mbwa, na mafuta yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa ameshakula keki, alikuwa ameshakula chakula chake. Tumbo lilikuwa halina nafasi. Akamaliza cha mfupa, akaanza ile nusu. Tilda akateleza kutoka kitini, akatoka nje kwa ndama, mlango ukajibamiza nyuma yake.

Albina akamsogezea Brenna haradali.